Spika Uliyoichana kwa Wembe

Kaka Deo,

Jumapili iliyopita redio ilirusha muziki wenu. Nilitaka kukuandikia jioni ileile, mkono ukakataa. Leo nimefunika cherehani mapema, nimekaa uani, na upepo wetu huu wa Sumbawanga unataka kuninyang'anya karatasi, nimeigandamiza kwa pasi. Bado sijui nianze na lipi. Acha nianze na Mama. Mama yuko hapa kwangu. Alipanda lori kutoka Mwimbi, yeye ambaye hajawahi kukanyaga mlango wa dansi, akaja kukusikia ukipiga gitaa.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika, na yale yasiyobadilika ndiyo yanayoniudhi zaidi. Ulezi wako Mama aliuvuna na akina shangazi, umejaa kihengeni. Lori lililopinduka nawe limetengenezwa, linapita barabara ya Matai kama hakuna kitu, na nikisikia honi yake naacha nguo ya mtu kwenye sindano, natoka, nasimama nyuma ya nyumba mpaka lipotee. Bendi imelala. Upepo Jazz nzima imefungiwa ghalani kwa ushirika pamoja na magunia, na gitaa lako limetundikwa msumarini. Wenzako wanasema watapiga tena. Hawasemi lini, nami siwaulizi.

Wewe ndiye uliyemtia Mama hamu ile. Miaka yote alikuwa anakuuliza ni ugonjwa gani unaomfanya mwanamume mwenye mikono miwili kuacha jembe akakwaruze nyaya mjini na walevi. Hukuwa unabishana naye. Ila mwaka jana, mlipopata habari kwamba watu wa redio watakuja kuwarekodi, ulikwenda Mwimbi makusudi. Ulimkuta anapepeta. Ukachuchumaa ukamwambia, "Utanisikia redioni, Mama, ndipo utajua." Alikucheka. Kisha akazunguka kijiji kizima akitangaza.

Na tulipotoka makaburini, Kaka, hakuniuliza habari za lori wala dereva. Aliniuliza, "Redio watamtoa lini?" Nikamjibu, "Watamtoa, Mama, na utajua." Nilijibu kwa kujiamini kabisa, maana nilijua mlio wako.

Nani atajua mlio ule kuliko mimi? Ulizaliwa hapa kwangu, juu ya meza ya kukatia nguo. Ulikuwa umerudi kutoka Mwimbi umechanganyikiwa na redio ya ng'ambo ya mpaka, vijana wa kule na roki yao, magitaa yanayonguruma hadi bati linatetemeka. Wiki nzima ukawa unalaumu gitaa lenu kwamba linaongea kama padri. Basi siku moja ukaingia na spika ya bendi kwapani, ukaomba wembe wangu wa kufumulia mishono. Nikadhani unataka kukata waya. Ukaichana ile karatasi ya spika mbele ya macho yangu, mali ya ushirika, polepole, ulimi umeutoa nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikuita mwendawazimu. Ulipounganisha na kugusa uzi mmoja tu wa gitaa, nilisogea karibu. Ulikuwa mlio wa kibanda cha Babu, ile mivukuto yake ikipuliza moto na chuma kikilia juu ya jiwe. Ulinitazama ukasema, "Umeisikia?" Nikasema nimeisikia.

Kuanzia hapo mji ukawa wako. Nimewashonea suruali za bugaluu vijana wa watu mpaka kitambaa kikaisha dukani kwa Mzee Nassoro, na wazee wa chama wakawa wananisema. Wewe ulikuwa ukifika katikati ya kibao chako kile kirefu, unanyamazisha wote, unasogea kwenye maikrofoni, unauliza, "Mpo?" Ukumbi mzima: "Tupo." Unauliza tena. Tunajibu mpaka sauti zinakauka. Halafu unaliachia gitaa. Chale, kiongozi wetu sisi wapenzi wa bendi, alikuwa akivua shati kila mara, na baridi yote hii.

Kwa hiyo watu wa redio walipokuja kurekodi ile siku, sisi wote tulijua wanachokuja kuchukua. Tatizo, wao hawakujua.

Siwezi hata kumchukia yule fundi mitambo. Angekuwa na majivuno ningemchukia nikapumua. Alikuwa mtu mpole, amekaa barabarani siku nyingi, vumbi hadi kwenye kope, anasalimia kila mzee shikamoo. Ulipojaribu gitaa akakunja uso, akainama kwenye spika, akakuambia kwa huruma, "Ndugu, pole, spika yako imechanika. Nitakuazima ya kwangu." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuona umefungua mdomo. Wenzako walikutazama, mwenyekiti wa ushirika akakutazama, na yule mgeni ameshaanza kuinua spika yake nzuri kwa mikono miwili akuletee. Ukafunga mdomo. Ukasema, "Asante, ndugu."

Ndivyo tulivyo Wafipa. Mgeni akitutendea wema hatujui pa kumzuia, hata kama wema wenyewe unatuvua nguo.

Na ubaya haukuishia kwako. Fundi aliomba tu watu wasigonge meza karibu na maikrofoni. Balozi wetu wa nyumba kumi akalichukua neno lile akalifanya amri. Alipanda kwenye benchi akasema mitambo ya redio inanasa hata pumzi, atakayekohoa ataiaibisha Rukwa nzima. Watu wakatii, Kaka. Unajua tunavyotii. Wale wale waliokuwa wanavunja madawati wakakaa wameweka mikono magotini kama wanangoja komunyo. Chale alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Ulipiga mbele yetu na sisi tukakutazama kama picha ukutani. Niliona jasho lako, niliona unatutafuta kwa macho, na hata mimi nilikaa nimefumba mdomo. Ulipofika mahali pako ukauliza, "Mpo?" Balozi akaweka kidole mdomoni, akatugeukia. Hakuna aliyeitika. Ukasubiri. Ukauliza tena, kwa sauti ya chini, sikulisikia neno vizuri. Kisha ukapiga mpaka mwisho, safi, bila kosa. Tulipotoka nje ulinipita bila kusema nami, ukaenda ukakaa nyuma ya ghala.

Yule fundi akakuongezea wema mwingine. Aliondoka na spika yako ili ikatengenezwe Dar, akaahidi itarudi kwa basi. Miezi ile ya mwisho ulipigia kispika cha kuazima, chembamba, na kila Jumamosi ulikuwa unaniambia, "Spika yangu ikirudi, Paska." Haikurudi ukiwa hai. Ilikuja baada ya masika, nikaitwa stendi kuisaini kwa jina lako. Nikaifungua palepale. Wameibandika vizuri sana, karatasi mpya, gundi imenyooka, mimi fundi cherehani nasema kazi ile haina dosari. Nikalia stendi mbele ya makuli, na kila mmoja akadhani nalilia jina lako kwenye kifurushi.

Hata hivyo nilibaki na tumaini. Nilijiambia labda redioni itasikika vingine, labda mitambo ya Dar inajua kitu ambacho masikio yangu hayajui. Mama akaja. Mzee Nassoro akatoa redio yake kubwa barazani, akapandisha waya mpaka juu ya bati, akamwekea Mama kiti cha mbele na shuka la kujifunika. Vijana walijaa hadi barabarani. Walivaa bugaluu zao zote, Kaka, na yule mzee wa chama anayezikatazaga alipita akazitazama, akavua kofia, akasimama nao.

Kipindi kikaanza. Mtangazaji alikusoma jina vizuri, hilo nimshukuru. Kisha gitaa.

Sijui nikuelezeje. Lilikuwa gitaa lako na halikuwa lako. Kila kitu kilikuwepo na kimeoshwa. Hakuna mngurumo, hakuna watu, hakuna benchi linaloanguka. Chale alisema chinichini, "Wamemfua wakampiga na pasi." Mwingine akasema huyu si Deo, wamemweka mtu wa Dar. Wengine wakaanza kuondoka, mmojammoja, kwa aibu, kana kwamba wamekuta msiba wa watu wasiowajua. Nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, siwezi kuinua uso. Nilihisi anainama. Akaniuliza sikioni, kwa Kifipa, kwa upole kabisa, "Ndiyo hii?"

Ndiyo hii. Alimaanisha kwa ajili ya hii? Jembe uliliacha kwa ajili ya hii, shamba, mke ambaye hukuoa, lori lile la Matai, vyote kwa ajili ya muziki huu unaofaa kuwalaza watoto? Ningemwambia nini, kwamba kulikuwa na mwingine, mkubwa, na mimi niliusikia na yeye hatausikia? Niliogopa kuliko siku ya kukuzika. Siku ile nilijua tumekupoteza mara moja.

Ndipo gitaa likanyamaza, mahali pale pako. Na wewe ukasema, karibu kabisa, kama umesimama nyuma ya redio: "Mpo?"

Waliokuwa wameshafika barabarani walisimama. Redio ikapiga mluzi wake kidogo. Halafu ile ya pili, ambayo siku ile sikuisikia. Mtambo ulikuwa umeinasa. Ulisema, "Jamani. Mpo kweli?"

Sauti yako ilikuwa imechoka, Kaka. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza kwa sababu hajui.

Mama akaitika. Hakupaza sauti, aliitika kama alivyokuwa akikuitikia ukirudi kutoka shuleni umechelewa na nyumba ina giza. "Tupo, Deo. Tupo, mwanangu." Na Chale akaitika, na Mzee Nassoro, na barabara yote ikaitika, watu wazima wanaimbia sanduku la mbao, na gitaa lako safi likaendelea zake hadi mwisho halijui kitu. Mtangazaji akaja akasema ulikuwa muziki mwororo wa vijana wa Ufipa. Mzee Nassoro akazima.

Chale anataka tuwaandikie watu wa redio tuwashutumu. Amekuja mara mbili na maneno makali. Nimemwambia asubiri, sijui tutamshutumu nani, fundi kwa kutuazima kitu kizuri au sisi kwa kushukuru. Usiku silali vizuri. Nalisikia lile "kweli" lako.

Mama hajarudi Mwimbi. Siku tatu alikuwa akinisaidia kukata nyuzi. Juzi akaniuliza ulikuwa unauliza nini pale, na kwa nini watu hawakukujibu. Nikamsimulia yote, nikaanza na wembe. Nilipofika kwenye kibanda cha Babu alinishika mkono nisimame. Babu ni baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa akivuta ile mivukuto akiwa msichana. Aliniuliza, "Alikuwa anaupiga huo?" Nikasema ndiyo. Akatazama mikono yake muda mrefu. Kisha akasema, "Spika iko wapi?"

Iko hapa, Kaka. Iko juu ya meza ileile, na wembe uko kando. Ushirika wakitaka kunifunga wanifunge. Nimeigeuza mara nyingi natafuta ulipopitisha mkono, lakini waliotengeneza hawakuacha alama. Huenda ukatoka mlio wako. Huenda ukatoka mkwaruzo mtupu, tukabaki bila spika na bila wewe. Kesho asubuhi, kukiwa na mwanga, nitaichana, na Mama amesema nimngoje amalize sala zake, anataka kuwepo.

Kwa misa yako ya mwaka nitaipeleka Mwimbi. Wenzako wameniahidi watakuja na gitaa, na yule wa gitaa la ridhimu atajaribu kibao chako. Hatakuweza, usimcheke. Akifika mahali pale atauliza kama ulivyokuwa ukiuliza. Nakuahidi hatutamtazama balozi wala mgeni wala mtu yeyote mwenye kidole mdomoni.

Lala, kaka yangu. Mama anaita toka ndani, anauliza kama wembe ni mkali.

Mdogo wako,
Paskalia