Mtungi wa Kupatana

Gerezani, 4 Februari 2024

Dada yangu Jenoveva,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Mukendo, na kile kikohozi chako kiwe kimekuachia. Mimi ni mzima ila nimekonda. Ukiniona utadhani ni fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Nina habari. Afisa wa uangalizi, yule Bi. Grace, alikuja kunihoji. Anasema kifungo kilichobaki naweza kukimalizia nyumbani Butiama, niwe nafagia zahanati badala ya kukaa humu. Masharti yapo. Nisiguse pombe hata ya kuonja. Niwe na mshauri nasaha. Na kaka Leonardi akubali nirudi kijijini, maana vidole vyake viwili nilivikata mimi kwa panga, nikiwa nimelewa, siku ile kilabuni.

Dada, Leonardi amekubali! Baba mdogo Matiko kaleta jibu mwenyewe, anasema mwanawe hana neno na mimi. Nililia mbele ya askari mpaka wakanicheka.

Limebaki la mshauri. Kila Alhamisi unakuja humu kuongea na wafungwa wanaotaka kuacha ulevi, lakini mimi wameniweka kwenye kundi la mwenzako kwa sababu ni ndugu yako. Mwenzako ni mtu mzuri. Ila ya ndani siwezi kumwambia. Nichukue wewe, dada.

Mdogo wako,
Burito

Mukendo, Musoma, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Burito,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha, nimekunywa limau mpaka meno yanalalamika. Kuhusu kukonda, usinitie huruma. Ule unene wako wa pombe ndio ulikuwa ugonjwa.

Mganga hajigangi, na sisi kazini tunaongeza: wala nduguye. Nilimwambia Bi. Grace hivyo hivyo. Akanijibu kwamba mshauri mwingine wa kufika Butiama hayupo, nami nikakubali haraka kuliko inavyofaa. Wewe ni mdogo wangu, nifanyeje?

Basi sikiliza. Utaniambia ukweli wote. Na Bi. Grace akiniuliza, nami nitamwambia ukweli. Ukinywa, nitasema. Usije ukalia baadaye kwamba dada kakuchongea.

Halafu kuna jambo la mtungi wa kupatana. Baba mdogo anataka ukirudi tu, wewe na Leonardi mkae mbele ya ukoo, kila mtu na mrija wake, mnywe mtungi mmoja. Unajua mila yetu: waliokunywa hivyo hawana ruhusa tena ya kuwekeana kinyongo, mpaka kufa. Mila nzuri, sina ugomvi nayo. Ila nimemwambia wazi kwamba ndani iwe togwa, ile isiyolevya. Ameapa kwa kaburi la baba yetu kwamba itakuwa togwa. Nami nitakuwepo, nitakaa ubavuni kwako.

Dada yako,
Jenoveva

Butiama, 13 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo mjini? Huku mvua imenyesha vizuri, mihogo inapendeza, na zahanati naifagia mpaka nesi ananitania kwamba nitamaliza sakafu. Mwili ni mzima. Roho ndiyo siyo. Barua hii nampa Justina anayeleta maziwa hapo sokoni, akupe mkononi.

Mtungi tulikunywa Jumamosi. Haikuwa togwa.

Harufu niliisikia kabla hata sijakaa. Nikamnong'oneza baba mdogo, akaangalia chini. Leonardi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mimi uji haunisamehishi. Wazee wetu walikuwaga wanapatana kwa pombe. Kama hutaki, sema hutaki kupatana, tujue." Halafu akashika mrija kwa ule mkono. Dada, ule mkono.

Wazee wote wananitazama. Ningekataa, ningekuwa nimekataa msamaha mbele ya mtu niliyemkata mimi mwenyewe. Nilitafuta uso wako ubavuni kwangu, hukuwepo. Uliahidi. Nikanywa.

Sikwenda kilabuni baada ya pale. Nilirudi ndani nikalala. Jana kiu ilinishika tangu asubuhi, nikaenda kulima mpaka mikono ikachubuka. Leo sijanywa. Nakwambia haya kwa sababu tuliahidiana ukweli. Lakini nakuomba uyasome kama dada. Bi. Grace usimwambie.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Burito

Gerezani, 2 Juni 2024

Jenoveva,

Sikuulizi hali. Najua ni njema.

Walinichukua zahanati, fagio likiwa mkononi, wagonjwa wanatazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea pembeni kama vile nitamkata na yeye. Bi. Grace akaniambia ana taarifa kwamba nilikunywa. Nikajua papo hapo, maana ni wewe peke yako niliyekuandikia. Nikamwambia mbele ya watu: "Dada yangu ndiye anajua, nilimwandikia kila kitu! Muulizeni!"

Nilikungojea barua kila siku. Kumbe jibu langu ulilituma kwa afisa.

Na Jumamosi ile ulikuwa wapi? Justina kanieleza: ulikuwa Bunda, unamtafuta mlevi aliyetoroka kwenye kituo chenu cha kuacha ulevi. Ulimfuata mlevi wa watu ukamwacha wa kwenu.

Burito

Mukendo, 16 Juni 2024

Mdogo wangu,

Hujaniuliza hali, nitakwambia hivyo hivyo. Mbaya.

Ni kweli nilikuwa Bunda. Yule mgonjwa tulimkuta stendi, hajitambui, amelala chini ya basi la Mwanza linalotaka kuondoka. Nilimkabidhi kituoni nikatafuta gari la Butiama, jua limeshazama. Kwa hilo nikasirikie, ni haki yako.

Kwa lile lingine, hapana. Burito, mimi sikusema. Barua yako niliisoma jikoni, nikaiweka kifuani, nikashindwa kuijibu. Nikishika kalamu kama dada, mshauri ananikataza. Nikishika kama mshauri, dada anatupa kalamu. Bi. Grace aliponipigia kuuliza, nilimwambia sijui lolote. Mimi, niliyekwambia kwamba nitasema! Nilidanganya kwa ajili yako, halafu wewe ukasimama mbele ya zahanati ukampa mwenyewe ushahidi kwamba nilikuwa najua. Alhamisi siingii tena humo gerezani. Wamenisimamisha, na kituoni wananiangalia kwa jicho la pembeni. Nimeumia, mdogo wangu. Hukunipa hata nafasi ya kuulizwa na wewe kwanza.

Aliyesema ni Leonardi, Bi. Grace mwenyewe kaniambia. Jumatatu ileile uliyoniandikia, alipanda gari mpaka Musoma, akaingia ofisini kwa Bi. Grace na kueleza kila kitu. Aliyekwambia unywe ndiye aliyekwenda kusema umekunywa.

Sikuamini, nikaenda Butiama kumuuliza. Nilimkuta anakunywa chai. Akanikaribisha vizuri kabisa, akaagiza nipewe kiti. Nikamuuliza, "Si mmekunywa mtungi mmoja?" Akasema, "Tumekunywa, na mimi nimeshamsamehe. Kinyongo sina. Lakini mtungi ni wa ukoo, dada. Kifungo ni cha serikali." Akaendelea kushika kikombe kwa vidole vyake vitatu.

Baba mdogo alikuwepo. Nilimtukana Leonardi pale pale, matusi ambayo mama angenichapa.

Dada yako, hata kama hutaki,
Jenoveva

Gerezani, 18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu mwanzoni sikukuamini. Nilisema mtu aliyekunywa na mimi mtungi mmoja hawezi. Bora awe Jenoveva, ambaye hakunywa.

Halafu Leonardi akaja mwenyewe kunitembelea. Kaleta sabuni na sukari. Akanisalimia, "Habari yako, ndugu yangu," na kunieleza mambo ya nyumbani, ng'ombe gani kazaa. Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema ndiyo, bila kupepesa. Nilipotaka kusimama akanikumbusha kwa upole: "Tumekunywa, Burito." Nikakaa. Sukari yake nimeikoroga kwenye uji, nimeinywa.

Unaona alivyonifunga? Gereza hili lina siku ya mwisho. Lile jingine halina. Nikimkasirikia, nimevunja mtungi, na laana ni yangu na ya watoto nitakaowazaa. Mimi ndiye niliyeanza, vidole vile sitavirudisha. Lakini nilidhani nimesamehewa. Nililia kwa furaha mbele ya askari, unakumbuka?

Hasira ninayo, dada, na haina pa kwenda. Kwa Leonardi imekatazwa. Baba mdogo ni baba. Umebaki wewe. Najua hukusema, na bado nikisikia jina lako naona kiti kitupu ubavuni kwangu. Usije kunitembelea kwanza.

Najitahidi humu. Mwenzako wa Alhamisi nimeanza kumwambia ya ndani.

Mdogo wako,
Burito

Mukendo, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu Burito,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi kimerudi kidogo. Nimefurahi kuhusu Alhamisi. Mwambie mwenzangu yote, ana moyo kuliko mimi.

Sitakuja mpaka uniite. Kukasirikiwa na mtu ambaye sikumchongea kunauma, sitakudanganya tena. Ila nimekaa nikafikiri: kama hasira yako inahitaji mlango, basi bisha huku. Mimi sivunjiki kwa laana.

Wiki iliyopita baba mdogo alikuja mpaka hapa nyumbani. Anasema matusi yangu yamemuumiza Leonardi, ukoo hauna amani, kwa hiyo wanaandaa mtungi mwingine, nikae na Leonardi tunywe yaishe. Akaniambia, "Safari hii itakuwa togwa kweli, mwanangu."

Nikampikia chakula, akashiba, nikamsindikiza stendi. Pale stendi nikamwambia sinywi. Si pombe, si togwa, si maji, kama Leonardi ndiye ameshika mrija wa pili.

Wewe umekatazwa kumkasirikia. Basi mimi nitamkasirikia kwa niaba yako, kila siku ya Mungu. Mimi sikunywa.

Dada yako,
Jenoveva