Ninangoja Chanjo, Wakwe Wanakuja Jumamosi

Mpendwa Mama Berthe, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, na jina langu la kweli usilisome redioni, niite tu Odile wa Tshopo. Nina miaka thelathini na moja, nauza mchele sokoni, na ni mwaka wa sita sasa naishi na virusi vya Ukimwi, dawa nakunywa kila siku bila kukosa, na kila kipimo kikitoka muuguzi ananiambia virusi havionekani tena kwenye damu, lakini anayejua ni mama yangu peke yake, dawa nazificha ndani ya kopo la maziwa chini ya mchele. Basi kuna Jérémie, mvuvi wa Wagenia, kule kwenye maporomoko ya mto, tunapendana mpaka nikisikia pikipiki inasimama mlangoni moyo unaruka, na natamani, Mama, natamani kuamka nyumbani kwake, natamani mtoto mwenye masikio yake yale makubwa, lakini mara mbili familia yake ilitaka kuja kubisha mlango, yaani kuniposa, na mara mbili nimekwepa, mara papa, baba yangu, amesafiri Isangi, mara nina malaria, maana nilijiambia ngoja chanjo ya Ukimwi itoke kwanza, Jérémie achanjwe, ndipo nimkubali.

Mwezi uliopita yeye mwenyewe alinialika kumsikiliza daktari mmoja mtafiti, Chimène, anayeeleza habari za chanjo hiyo, watu wanakunywa soda na kuuliza wanachotaka. Daktari akasema, "Bavuvi munajua, kitunga munatega mbele ya samaki kupita. Sasa hii virusi iko nabadilisha sura kila siku, kitunga ya jana haiikamate tena." Mtu akauliza itachukua muda gani, akajibu, "Bon, miaka. Siwezi kubadanganya." Mama, miaka! Halafu Jérémie akasimama: "Docta, mutu mwenye anapenda mwanamuke iko na ile ugonjwa, angojee chanjo, ao?" Watu wakacheka, mimi nikatoka nje mbio, jibu sikulisikia. Akanifuata kunisindikiza, na tulipofika mlangoni kwetu akaniambia, "Famille iko nakuja samedi ya kwanza ya mwezi, Odile. Hii mara usigonjwe malaria."

Sasa Jumamosi hiyo papa atashika chupa ya posa waliyoleta aniulize mbele ya wote: tunywe ao tuirudishe? Nikisema tunywe nimemdanganya, nikisema tuirudishe nimemkosa maisha yangu yote. Nifanye nini?

*

Odile binti yangu, pole sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Umeifunga ndoa yako kwenye kitu ambacho hata wanaokitafuta hawajui siku yake. Na jibu lilipofika umekimbia! Ningekuwepo ningekuvuta kitenge ukae. Jibu ni hili: ukinywa dawa kila siku na vipimo vikaendelea kuonyesha kwamba virusi havionekani, humwambukizi mumeo kitandani. Na mtoto, ukifuatwa na kituo cha afya tangu mwanzo wa mimba, anaweza kuzaliwa bila virusi, na masikio yake makubwa juu. Unachokingoja miaka yote hii umekifukia wewe mwenyewe chini ya mchele.

Ila kinachoniudhi ni siri. Mficha uchi hazai, na wewe mtoto unamtaka. Jérémie ana haki ya kujua kabla ya chupa, siyo baada yake.

Tena nikuulize: mvuvi anaacha vitunga vyake, anakualika wewe kusikiliza habari za Ukimwi, anasimama mbele za watu kuuliza swali lile. Aliuliza kwa ajili ya nani? Labda anajua, labda anahisi tu, mimi sijui. Lakini hata kama anajua, anangoja kusikia kinywani mwako.

Basi kesho asubuhi, usingoje Ijumaa, mwite nyumbani, mama yako akiwa karibu. Mpe lile kopo mkononi, umwambie yote. Kisha muende wawili kituoni, apimwe, muuguzi amweleze na yeye. Akiondoka utalia, nami nitalia nawe, chupa haitakuja, na dawa yako utakunywa siku hiyo kama siku zote. Akibaki, Jumamosi papa akikuuliza usiangalie chini. Sema kwa sauti, mpaka wazee wa Wagenia waliokaa nyuma wasikie: tunywe.