Flashi ya Marehemu Baba Haiguswi

Bi Sihaba mpendwa,

Asalaam aleykum. Naomba msaada wako kabla sijaitoa nje kompyuta ya nyumbani kwangu nikaiponda kwa mchi wa kinu, maana mwaka huu imenitia aibu mbele za watu, imenigombanisha na ndugu yangu wa damu, na sasa imenimezea sauti ya marehemu baba yangu. Jina langu usilitoe gazetini, mimi ni mke wa mtu na Kibiti ni ndogo.

Baba yangu alikuwa maalimu wa madrasa huko Mbwera kwa miaka arobaini, na waliosoma kwake wapo mpaka Ngarambe. Ametuacha watoto wawili tu, mimi na mdogo wangu Mwanamize, tumechangia baba, mama mbalimbali. Mimi niliolewa Kibiti zamani, mume wangu ni mwalimu na hiyo kompyuta ni yake ya kuchapia mitihani, na Mwanamize naye ni mwalimu, alikuwa anafundisha huko huko Mbwera, deltani, kwa hiyo baba alipoanza kuumwa yeye ndiye aliyekuwa naye, mimi nina familia na nisingeweza kuhamia Mbwera, ingawa wapo watu wanaosema niliweza.

Katika ugonjwa ule baba alirekodiwa kwenye simu ya Mwanamize, darsa thelathini na moja, na Yasin nzima na dua yake, kisha Mwanamize akaja navyo Kibiti kwenye kibanda cha kurushia nyimbo pale stendi, wakamtilia kwenye flashi pamoja na kaswida, ili baba asikilize kwenye kiredio chake. Simu yenyewe ilitumbukia majini siku walipovuka kumleta baba hospitali, basi ikabaki flashi ile moja duniani, na baba alipofariki mimi ndiye niliyeichomoa redioni nikaiweka, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Naiweka juu ya kabati penye msahafu wake, nimeifunga kwa kipande cha kilemba chake, na asiye na udhu haigusi, hata mume wangu anajua.

Nilizinakili sauti kwenye kompyuta niwe nasikiliza nikipika. Haukupita muda mashine ikaanza vitimbi, inakwenda kwa kujikokota, mafaili yanaota vimshale pembeni, mitihani ya mume wangu inapotea, na picha za wanawake uchi zinajifungua zenyewe, tena mchana, watoto wapo. Nikamwita fundi, Ussi, mtu mzima na mwenye sifa, akaisafisha. Ikarudi. Akaisafisha tena, mara hii akatuomba flashi zote za nyumbani azikague, nikampa nne, za mume wangu na za watoto, hii ya baba sikuitaja kwa sababu si ya kuchanganywa na hizo. Ikarudi. Akasema tuifute mashine yote ianze upya, nikakataa kwa sababu ya sauti za baba. Bi Sihaba, mimi si mzembe, kila fundi akimaliza tu, kabla mtu hajaigusa, natia udhu, nashusha flashi ya baba, nachomeka, nafungulia Yasin ili mashine ianze kazi kwa baraka, inasoma vizuri kabisa mpaka mwisho, na bado baada ya siku mbili tatu ule uchafu unarudi. Hapo ndipo nilipojua kuna mkono wa mtu.

Siku ya hitma ya mwaka mmoja wa baba wanaume walikuwa barazani, sisi ndani, nikaunganisha kompyuta na spika ili watu wamsikie Maalimu wao akisoma. Ile nafungua tu, akajitokeza mwanamke uchi kioo kizima, na sauti zake, Bi Sihaba, na spika imefunguliwa mpaka mwisho. Wanawake wakajifunika kanga usoni. Shangazi yetu Mwanabibi akakaa chini akalia. Mimi nilijua moja kwa moja, kwa sababu siku mbili kabla Mwanamize ndiye aliyetumia kompyuta ile, alisema anajaza fomu ya uhamisho, mtu wa miaka thelathini na nne hana mume, anakaa peke yake na kompyuta ya watu saa nzima. Nikamwambia palepale mbele ya wote, "Uchafu wako umemfuata baba mpaka kwenye hitma yake."

Akasema, "Dada, nipe ile flashi niitazame. Nadhani ndiyo inayoleta."

Nikamwuliza, "Flashi ya baba? Baba ndiye mchafu?"

Akasema, "Sijasema baba, nimesema flashi."

Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Akachukua mkoba wake akaondoka, na sasa amehamia shule moja kule Mtunda, ni mwezi wa tano hatujuliani hali. Ametuma maneno kwa shangazi mara mbili kwamba hataki kingine, anaomba nakala ya sauti ya baba tu, hana hata moja. Nimejibu akaombe huko anakozoea kutazama mambo yake.

Sasa wiki mbili zilizopita fundi ametia antivirusi mpya, nikachomeka flashi ya baba kama kawaida yangu, mashine ikapiga kelele, ikafuta sijui nini, na tangu hapo hakuna kinachofunguka. Majina yote nayaona, Yasin, Dua, Darsa ya Kwanza, kila moja na kimshale chake, nikibonyeza ninaambiwa hakuna kitu. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Lakini flashi ukiitazama inasema imejaa nusu, imejaa nini sijui. Nimelia mpaka nimechoka. Mwanzo kabisa wa ile Yasin baba anakohoa, anasema, "Mize, sogeza simu, hapo haisikii," ndipo anaanza, na kila siku nilikuwa najiambia nitatafuta fundi aikate hiyo sehemu ya mwanzo, na leo hata hiyo siipati.

Maswali yangu ni mawili. Kirusi hiki kinaondokaje, na sauti zitarudi? Na la pili, nimeshamwambia shangazi amlete Mwanamize Ijumaa ya wiki ijayo aapishwe kwa msahafu wa baba mbele ya wazee kwamba si yeye, akikataa tujue. Je, nitakuwa nimekosea?

Ni mimi,
Binti wa Maalimu, Kibiti

*

Binti wa Maalimu,

Waaleykum salaam. Pole kwa msiba, na pole kwa kuikosa sauti. Mzazi akishaondoka, sauti yake ndiyo ya kwanza kuanza kututoroka, na hilo silifanyii mzaha. Pole yangu iishie hapo kwa sasa, tuzungumze.

Umeniomba nifiche jina lako. La mdogo wako umeliandika kamili, na la baba yake, na shule anayofundisha, na ukayaweka kwenye barua yenye habari za picha za uchi. Ulitaka niyachape? Shule na jina la baba nimeyafuta. Mwanamize ni jina nililompa mimi, na hiyo "Mize" ya kwenye Yasin nimeibadilisha vilevile.

Barua yako nilimsomea Mudathiri, fundi wa kompyuta wa hapa ofisini, ana mvi kuliko mimi. Ulipofika kwenye udhu na Yasin ya kufungulia mashine alicheka. Nilipomaliza kusoma alikuwa hacheki. Alisema, "Mwambie anakiingiza mwenyewe kwa mkono wake."

Ndivyo ilivyo, mama. Ile flashi ilitiwa sauti kwenye kibanda cha stendi, mashine ambayo kila siku inachomekwa flashi za watu mia, wa kaswida, wa taarabu na wa hayo mengine. Huko ndiko ilikookota kirusi. Kirusi cha aina hii huyaficha mafaili yako ya kweli, kisha hutengeneza ya bandia yenye majina yaleyale, na alama yake ni hicho kimshale. Ukibonyeza "Yasin" hufungui Yasin, unakifungulia kirusi mlango wa kompyuta, nacho kikishaingia kinakuchezea Yasin ya kweli ili usishtuke. Wewe unakaa unasikiliza, umeinamisha kichwa, na mashine aliyoisafisha Ussi asubuhi imekwishaambukizwa. Mara mbili fundi aliisafisha, ikarudi. Mara zote mbili ulikuwa wewe.

Kirusi hakijui udhu. Hakijui kilemba cha Maalimu wala kabati lenye msahafu. Heshima uliyompa baba yako ni nzuri na ibaki kwake, lakini flashi ni kidude cha dukani kama soketi ya taa. Fundi alipokuomba flashi zote ukamficha moja, na ni hiyo hiyo yenye kirusi. Mdogo wako alikwambia maneno matatu ya kweli mbele ya watu, nawe ukayageuza kuwa matusi kwa marehemu. Hakutaja baba. Wewe ndiye uliyemtaja.

Sasa habari njema, ingawa sijui kama umenifurahisha kiasi cha kupewa. Sauti zipo. Antivirusi imefuta kirusi, haikufuta sauti. Vimshale vimebaki vinaelekeza kwa kitu kilichofutwa, ndiyo maana hakuna kinachofunguka, na mafaili ya kweli bado yamefichwa humo humo. Hiyo nusu iliyojaa usiyoijua ni baba yako.

Basi sikiliza, na usiongeze lako. Flashi usiichomeke tena popote, wala kwa dua wala kwa kujaribu. Mashine yoyote ikikuuliza kama uifomati, kataa, maana hapo ndipo utakapompoteza kweli. Ipelekwe kwenye kompyuta safi isiyo na intaneti, yenye antivirusi ya karibuni, na ifunguliwe na mtu anayejua bila kubonyeza kimshale hata kimoja. Atawasha ile sehemu ya kuonyesha mafaili yaliyofichwa, pamoja na ya mfumo, sauti zitajitokeza, atazitoa sauti peke yake na kuzinakili mahali pawili mbalimbali. Azisikilize zote mpaka mwisho. Akisharidhika, flashi ifutwe kabisa. Ndiyo, ifutwe, hata ukilia. Kompyuta nayo mwambie Ussi aifute yote na aweke mfumo mpya kutoka chanzo halali, siyo CD ya kuazimana, na mitihani ya mumeo airudishe baada ya kuikagua. Flashi za watoto zikaguliwe tena, kwa kuwa zilichomekwa hapo. Kuanzia hapo kinachoingia kwenye mashine hiyo kikaguliwe kwanza, hata kiwe kimetoka Makka.

Mtu anayejua ni nani? Utaniambia Ussi. Ussi ana kazi yake na hiyo kompyuta. Flashi itashikwa na Mwanamize. Ndiye pekee katika nyumba yenu aliyetambua ugonjwa, na alitambua siku ileile, wakati wewe unatafuta mkono wa mtu.

Kuhusu kumwapisha, swali lako la pili, ningependa nikujibu kwa ukali zaidi ya huu lakini gazeti lina mipaka. Unataka mtu asiye na kosa ashike msahafu wa baba yake, mbele ya wazee, aape kwamba hakuleta kirusi ulichokuwa ukikichomeka mwenyewe? Na akiapa, wewe utaapa nini? Mtumie shangazi ujumbe leo, usingoje Ijumaa, useme hakuna kiapo.

Na usimwite Mwanamize kwako, ulimwambia asikanyage na amekusikia. Nenda Mtunda wewe. Mchukue Shangazi Mwanabibi, maana alikuwepo, na wale wanawake waliojifunika kanga siku ile uwaambie kabla hujaondoka kwamba ulikosea, kwa majina, nyumba kwa nyumba, kwani ulimchafua hadharani na huwezi kumsafisha kwa kunong'ona. Kama una mkaidi mwingine ndani ya nyumba yako zaidi ya kirusi, unajua ni nani. Ukifika, mpe flashi mkononi, na kile kipande cha kilemba cha baba. Usimwambie kwamba unamsamehe. Mwombe msamaha, halafu nyamaza. Akikufungia mlango, iache flashi kwa shangazi urudi Kibiti, ni haki yake, na kuitenda kazi hiyo au kutoitenda ni juu yake.

Maana kuna jambo umeliandika bila kulisoma. Unasema baba "alirekodiwa". Nani aliyemrekodi? Mtu alikaa naye Mbwera darsa thelathini na moja, akashika simu mpaka mkono ukafa ganzi, akampelekea flashi ili mgonjwa ajisikilize mwenyewe. Simu ikazama, flashi ukaichukua wewe kwa ukubwa wako, na hana hata neno moja la baba yake. Wewe ulibaki nayo yote, na katika yote hayo kilichokukera ni mwanzoni pale anapoitwa yeye.

Sehemu hiyo haikatwi. Siku sauti zitakapofunguka, mwache Mwanamize abonyeze Yasin, nawe ukae pembeni. Jina lake la kweli mimi sikulichapa hapa. Utalisikia kwa mdomo wa baba yenu, kabla hajasoma hata aya moja.

Bi Sihaba