Mikono Miwili kwenye Usukani

Jumatatu, 4 Machi
Sasa hivi mwanangu Kidoti alikalia mto wa kulalia, akashika ukingo wa beseni kama usukani. Akabana vidole. "Kiii." Kisha: "Baba kasimama." Nikaenda jikoni nikajifanya naosha vyombo. Vilikuwa safi.

Baba yake hakusimama. Leo miezi saba. Alikuwa kwenye mashindano ya baiskeli, anashuka kilima, mimi pembeni ya kona nimembeba mtoto. Nikamwita. Akatoa mkono wa kushoto atupungie — ukabaki wa kulia tu, wa breki ya mbele. Akabana breki kwa huo huo. Baiskeli ikampindua.

Watu wanasema siku zake zilifika. Hakuna ajuaye kwamba nilimwita.

Jumatano, 6 Machi
Duka la dawa linatafuta watu wa kupeleka dawa majumbani kwa baiskeli. Jaribio Jumamosi: kushuka kilima kile kile, kusimama kwenye mstari wa chokaa. Nikiipata kazi hii, Kidoti atabaki na mimi, sitampeleka kwa shangazi yake.

Mama mkwe kaninunia. Chuma kilichomla mwanangu, nawe unakipanda? Nikamwambia, mama, ndicho alichotuachia. Baadaye nikamkuta anakifuta vumbi.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi, rafiki wa marehemu, ananifundisha. Nikishika usukani kwa juu, vidole vyangu vifupi havipati nguvu ya kubana breki. "Shika pembe za chini, hapo usukani ulipojikunja, shemeji. Vidole viwili kwenye breki, vingine vishike usukani. Bana zote mbili, taratibu. Makalio nyuma, usije ukarushwa."

Nikabana, nikaachia, nikabana. "Hukamui ng'ombe hapo, shemeji."

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu — basi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimesimama vizuri mara tisa. Ya kumi nilitoa mkono nifute macho, baiskeli ikayumba, nikaingia majanini. Goti limechubuka. Fundi hakunigombeza. Lia ukishasimama, alisema.

Nikamweleza kwamba nilimwita mume wangu siku ile. Ndiyo mara ya kwanza kulitoa mdomoni. Aliinama, akakaza nati iliyokwisha kukazwa.

Jumamosi, 9 Machi
Tuko tisa hapa juu, mimi wa sita. Naandikia gotini, lile zima. Mama mkwe amekuja! Sikumtegemea. Yuko kule chini, kwenye kona ile ile, kambeba Kidoti. Nilimwomba: mama, mtoto asinipungie, asiniite. Akasema amesikia. Ila mtoto ni mtoto. Hata kutoka huku naona kamkono kameinuka.

Wa tano ameshuka. Pembe za chini. Vidole viwili. Makalio nyuma.

Msimamizi anaita, mama wa baiskeli nyekundu, zamu yako. Nakuja. Kidoti akiniita, Mungu wangu, mikono hii miwili itabaki kwenye usukani.