Nimekuvua Jeti Mbele ya Mwanao

Kapteni Mabula,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila sijawahi kufungua mdomo mbele yako bila shikamoo, hata siku zile nilizokuwa nakuchukia.

Juzi nimekuvua jeti mbele ya mwanao. Naanza na hilo, usije ukalisikia kwa wengine huko.

Kabula amekuwa rubani. Anarusha ndege yetu ile ya pangaboi, Bukoba na Musoma, kwenye kiti kile kile cha kulia nilichokaa mimi ukinitukana. Jumatatu anaanza mafunzo ya jeti, na mwalimu wake ni mimi. Akaja nyumbani Ilemela na vitabu vyake, nikampa soda, akauliza: "Kapteni, baba kwenye jeti alikuwa anaanzia wapi kupunguza mwendo?" Akajijibu mwenyewe. Ulimwambia ashikilie mwendo juu ya ziwa, asiogope, mpaka ayaone mawe ya ufukweni moja moja, ndipo afunge mafuta na ndege itatulia yenyewe. Kaikariri kama sala.

Mzee, hiyo ni ya pangaboi. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Ukifunga mafuta, mapanga ya injini yanaukabili upepo kifua wazi, yanakuwa breki. Jeti haina kifua. Ukifunga mafuta inateleza tu kama sabuni, na ukistuka ukaongeza, injini inachukua muda kuamka. Nilimpigia hesabu kichwani pale pale. Kwa mtindo wako angefika mwanzo wa uwanja na mwendo wa mia na themanini, anapotakiwa awe na mia na thelathini. Uwanja ungeisha yeye bado anakimbia, na abiria hamsini nyuma yake.

Wewe ulijua. Ndicho kinachonikera. Ulijua kwa sababu ndivyo ulivyokatwa kwenye mafunzo ya jeti.

Tajiri, mwenye ndege zetu, alitutuma wote wawili Afrika Kusini, soko huria lilipomruhusu kununua jeti. Kule kwenye mashine ya mazoezi, ile isiyopaa, nilikaa nyuma yako nikaona kila kitu. Mara ya kwanza ulipitiliza uwanja. Mara ya pili ulipitiliza. Mara ya tatu ukaogopa kupitiliza, ukashuka mapema, ukaomba nguvu na injini imelala, ukatupiga majini. Yule mwalimu akawasha taa, akasema asante, akaita jina langu. Hukunitazama. Saa zako elfu kumi na nne angani, na mikono yako ilikuwa imeshaoa pangaboi.

Hilo halikuwa aibu. Wengi limewapata. Aibu ni siku tuliyoileta jeti Mwanza.

Nilikaa kiti cha kushoto, cha kapteni, mimi, mgeni aliyetusimamia kulia. Wewe ulimwomba tajiri nafasi ya abiria, akakupa safu ya kwanza kwa heshima. Ukavaa shati jeupe na mistari minne ya ukapteni begani. Tukatua. Rubani hatoki mpaka azime kila kitu, unajua kuliko mtu yeyote. Na wakati mimi nazima, mlango ukafunguliwa, ukatoka wa kwanza. Ndugu zako walikuwa wamekuja kutoka Bujora na ngoma. Ukasimama juu ya ngazi, ukavua kofia. Wakakubeba. Niliposhuka palikuwa pamebaki mpakia mizigo mmoja, akaniambia, "Pole na safari, msaidizi."

Nilikufuata jioni. Ukacheka. "Sangara, waache wazee wafurahi." Sangara. Kwa sababu nilianza kazi kwa kupakia maboksi ya minofu ya samaki huyo kwenye ndege zenu, na hata nilipopata leseni yangu, bila mjomba wala shemeji wizarani, ukaniita Sangara mbele ya wahudumu. "Kaa mkono wa kulia, Sangara, usininukie."

Halafu presha ikakuchukua ghafla, tukaenda kukuzika. Kaka yako akasoma wasifu: ndiye aliyeiteremsha jeti Mwanza. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kwenye saruji ya kaburi wakachora jeti, na injini zake nyuma, vizuri kabisa. Msema chochote aliyeongoza msiba akamwita mwakilishi wa kazini. Nikasimama. Mkeo akanitazama, nikajua anajua. Nikasema nilikuwa msaidizi wako na kwamba wewe ndiye uliyenianzishia kazi. Yote kweli. Nikakaa. Baadaye akanishika mkono: "Asante kwa kunyamaza, shemeji."

Nilinyamaza kwa sababu jeti ya kaburini haitui popote. Niliona haina madhara. Juzi imetaka kutua.

Basi nikamwambia Kabula. Nilimwambia vibaya, Mzee, sikutafuta maneno laini. "Baba yako hajawahi kuitua jeti. Hata mara moja. Alikatwa kwenye mashine na alichokufundisha kingekuua." Akasema, "Ulikuwa unamwonea wivu, kila mtu anajua." Nikasema ndiyo, nilimwonea. Akauliza kama mama yake anajua. Nikamwambia akamuulize.

Soda aliiacha. Mke wangu alinisema mpaka tukalala: mtu anamvua marehemu nguo mbele ya mtoto wake? Nikamwambia, nisingemvua baba, mtoto angevuliwa na nani, mamba wa ziwani?

Jana asubuhi amerudi. Macho yamevimba. Hakunisalimia, na mimi sikudai. Akasimama mlangoni akasema, "Haya. Naanzia wapi?"

Nikamwambia: kwa kila futi elfu unazotaka kushuka, jipe maili tatu, kisha ongeza za kupunguzia mwendo, na mawe ya ufukweni usiyatazame kabisa. Akarudia. Akakosea. Nikamwambia arudie tena.

Ana kipaji, Kapteni, kukuzidi wewe na kunizidi mimi. Ila nimemwona anavyotua Bukoba: mkono wa kuchelewa, wa kiburi, unangoja dakika ya mwisho. Huo si wake. Akikosea mara tatu nitamkata kama ulivyokatwa, na sitamwambia mtu yeyote kwamba amefaulu.

Lala salama, mwalimu wangu. Sikusamehe bado, na sitakudanganya kwamba nakaribia. Nakuahidi moja tu: nitamfundisha mpaka mkono wako umtoke.

Wako,
Bahati