Kiatu cha Pili cha Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mama,

Ni mwaka mmoja sasa tangu utoke nyumbani kwenda hospitali umevaa ndala za Baba, ukinung'unika kwamba zinakutembeza kama bata. Hukurudi.

Watu wamesema mengi juu yako. Eti ulikuwa mpole. Mpole, wewe? Waliosema hivyo hawakukuona ukiletewa zoezi la ufahamu lenye swali, "Shairi hili lina mistari mingapi?" Ulikuwa unalisukuma kando kwa kidole kimoja na kusema, "Hilo hata kuku angelijibu, basi tu hana nafasi."

Wapumbavu hukuwapenda. Watoto uliwapenda. Kila asubuhi uliwaandikia ubaoni shairi fupi ulilolitunga mwenyewe: la ndoo inayovuja, la jino lililong'oka, la paka wa jirani asiyejua kubisha hodi. Walilisoma kwa sauti, wakalisoma kimya, kisha maswali wakauliza wao na kujibu ukajibu wewe. Mtoto ambaye swali lake lilikushinda ndiye aliyefuta ubao. Wako watu wazima mtaani, wake kwa waume, wanaoringa mpaka leo kwamba waliwahi kufuta ubao wako.

Sasa tukueleze ya mkuu wako wa shule, yule uliyembatiza Bwana Mwongozo kwa kuwa hawezi kukubali kwamba jua limechomoza mpaka asome mwongozo wa mwalimu. Siku ya mazishi alilia kuliko wafiwa, hadi Baba akampa leso yake. "Tutamuenzi!" alisema. Leso hajairudisha, na kukuenzi amekuenzi.

Alifungua kabati lako la darasani akakuta mashairi yote hayana maswali. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Yeye akaamua kwamba ulisahau kuyaandika. Miaka yote hiyo, Mama, umesahau tu! Basi akakusaidia. Akatunga maswali ya kuchagua, akatunga na majibu, akachapisha kijitabu, na nyuma yake akaweka picha yake akichekelea kama bwana harusi.

Humo kuna shairi la mjukuu wako Kiroboto, aliyekuwa akikufichia kiatu kila asubuhi:

Kiatu kimoja kipo,
cha pili mbona hakipo?
Mtoto kacheka papo,
bibi naye yupo, yupo.

Na chini yake Bwana Mwongozo anauliza: Kwa nini kiatu cha pili hakipo? (a) Kimeibwa. (b) Kimechakaa. (c) Bibi ni msahaulifu. Jibu sahihi, (c). Funzo la shairi: Tutunze vitu vyetu.

Asiyejua maana haambiwi maana.

Kiroboto sasa yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita walipewa zoezi hilo, na hakuchagua herufi hata moja. Aliandika pembeni, "Nilikificha mimi ili asiende." Akapigiwa kosa kubwa jekundu, na chini yake maneno ya mkuu wa shule mwenyewe: "Usijitungie. Soma shairi."

Baba na binti yako mkubwa walikwenda shuleni. Bwana Mwongozo aliwapokea bila hata kunyanyuka.

"Dada yangu, mimi nifanyeje? Jibu liko kwenye mwongozo."

"Mwongozo kauandika nani?" binti yako akauliza.

"Mimi."

"Na shairi?"

"Marehemu, Mungu amrehemu."

Baba akainama mezani. "Na kiatu alikificha nani?"

"Mzee wangu, swali hilo halimo."

Wakarudi. Tungecheka yakaisha, maana mtu kama huyo kumkasirikia ni kumpa cheo. Lakini jioni ile Kiroboto alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, siku ya hospitali nilikificha tena. Na bibi akaenda. Kwa hiyo nimekosa kweli?"

Binti yako alikuwa anakatakata vitunguu. Akaendelea kukata. Kumbe mtoto mwaka mzima ametembea na swali hilo, na yule bwana na kalamu yake nyekundu akaja kulijibu.

Ndipo Baba, ambaye enzi zako alisema mashairi ni barua za watu wavivu, alipochukua chaki akaandika kwenye mlango wa jikoni yale majibu matatu, kwa mwandiko wake wa hovyo. Akatoa kitambaa chako cha ubao, kile ulichokuwa unarudi nacho mfukoni.

"Umetushinda sote, mjukuu wangu. Futa."

Kiroboto akafuta, hata rangi ya mlango ikaanza kutoka. Kisha Baba akamwambia jambo ambalo na sisi tulikuwa hatulijui.

"Bibi yako alijua kilipo. Kila siku alijua, nyuma ya cherehani mbovu. Siku ile pia nilimwona anakitazama. Akaniambia, 'Nipe ndala zako. Mwache mtoto ashinde.'"

Mama, tunakukumbuka: Baba, aliyebaki bila ndala na bila leso, binti zako wawili, mkweo dereva, aliyekupeleka hospitali, na Kiroboto, mfuta ubao. Jumapili tutakaa nyumbani na kuyasoma mashairi yako, na maswali watauliza watoto. Bwana Mwongozo asijisumbue kuja. Leso ataituma.

Kiatu chako kimoja kiko mlangoni. Cha pili tumekiacha palepale nyuma ya cherehani, na daima tutakiacha.

Bibi naye yupo, yupo.