Namba Niliyomwambia Aifunge

Mwala, Machakos

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai goti limeacha kukusumbua, na kwamba Maimuna anakukanda kila jioni bila kungoja kukumbushwa, maana namjua dada yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Ukiniuliza moyo, mama, moyo umevunjika, ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Kwa simu ningelia, nawe kesho yake ungekuwa ndani ya basi unakuja huku na goti lako hilo.

Kazi yangu unaijua: kufundisha kompyuta na usalama wa mtandaoni, darasa la nne hadi la sita. Tableti hazitoshi, watoto watatu hugombania moja, lakini nawapenda. Somo wanalolifurahia zaidi ni mchezo nilioubuni mwenyewe. Najificha nyuma ya kabati, najifanya mgeni anayepiga simu, nasema kwa sauti tamu, "Mimi ni mjomba wako, hebu niambie mnakaa wapi." Anayejibu ametoka. Bingwa wangu ni Mwende wa darasa la sita. Mama yake alifariki zamani, analelewa na nyanya yake, mama mzaa baba, na baba yake alikuwa dereva wa lori Uarabuni. Mwende hadanganyiki. Nilikuwa nikimsifu mbele ya wenzake mpaka anaficha uso.

Mwezi uliopita alinijia wakati wa chai na simu ya nyanya yake. Kwao hakuna stima, kwa hiyo huileta kuchaji shuleni, kama wengi hapa. Namba ngeni ya nje ilikuwa imepiga mara nne, kisha ikaandika: "Mwaitu, ni mimi. Pokea." Mwaitu kwa Kikamba ni mama.

"Mwalimu, baba huniita hivyo," akasema. "Kwa sababu niko na jina ya mama yake."

"Namba yake ni hii?"

"Hapana. Yake inaisha na sita mbili."

"Basi huyu ni nani?"

Akainama. "Ni mgeni. Nimblock?"

Nilijibu upesi, chai yangu ilikuwa inapoa. Nikamwambia matapeli humwita kila mtu mama, ndivyo wanavyowanasa watu. Akaifunga namba mbele yangu, nami nikasema vizuri sana. Mimi, ambaye wewe umeniita baba tangu nizaliwe kwa sababu nimebeba jina la babu, baba yako!

Alikuwa baba yake. Alilazwa hospitali huko huko, simu yake ikapotea, akaazima ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Siku ya tano tangu tuifunge namba, akafariki. Mgonjwa huyo ndiye aliyetafuta mpaka akampata ndugu wa marehemu pale mjini Matuu, akamweleza kwamba mwenzake aliiomba simu kila asubuhi ajaribu kumsikia mtoto.

Mwende hakunitaja. Nyumbani alisema tu, "Ni mimi nilifunga." Nilipolisikia hilo nilikwenda kwao, nikamweleza nyanya yake yote. Alikuwa anachambua ndengu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, najua uliogopea mtoto," akaniambia. "Lakini si ungemwambia aniletee hiyo simu nisikize? Mimi ningejua sauti ya kijana yangu."

Alisema kweli, mama. Muda wote niliofundisha mchezo ule, sikuwahi kuwaambia watoto wamuulize mkubwa aliye nyumbani. Nilijiona mimi ndiye mkubwa.

Jumatatu Mwende alirudi shule. Akaileta simu ichajiwe kama kawaida, kisha akasimama mezani kwangu. "Mwalimu, sasa naeza fungulia hiyo namba?"

Nikaifungulia. Ujumbe uliokuwa umezuiwa ukajitokeza, mmoja tu: "Mwaitu, umekula?"

Aliusoma muda mrefu. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari nimeanza. Akaniuliza, "Naeza mjibu?"

Nikamwambia ndiyo. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama ninavyowafundisha: "Nimekula baba." Akautuma, akaichomeka simu ukutani, akaenda kukaa mahali pake.

Nisalimie Maimuna na mumewe. Mwambie mjomba fundi cherehani kwamba kanzu yake inanitosha. Na bibi wa nyumba ya pili, anayekuletea mahamri, mwambie namkumbuka, asichoke kukutazama.

Jambo la mwisho. Siku niliyoondoka nilikuketisha barazani nikakufundisha usipokee kamwe namba usiyoijua, nawe ukaniahidi. Ahadi ile nakuomba uivunje. Ikilia, pokea, usikilize kwanza. Sauti yangu unaijua.

Mwanao unayemwita baba,
Salim